Zubeda na Mimi, Upande Mmoja wa Meza

Mkiniona nimekaa kwenye benchi la ukutani Jumamosi asubuhi, goti nimelifunga kwa kanga na chupa ya chai iko pembeni, msidhani natazama mikono yenu. Mikono yenu ni mizuri. Mmejifunza kwenye simu, mmeona wakubwa wa dunia wanavyokunja kifundo, na mipira yenu inapinda kuliko yangu ilivyowahi kupinda. Mimi natazama viatu. Na viatu vyenu, wanangu, vimelala usingizi.

Nilifundisha michezo shuleni maisha yangu yote ya kazi, hapa hapa Lushoto na vijiji vyake. Nimefundisha netiboli kwenye viwanja vyenye mteremko, ambapo timu moja hucheza ikipanda na nyingine ikishuka. Nimefundisha kurusha mkuki mpaka mkuki ukatua kwenye shamba la kabichi la jirani, nikaitwa kujieleza. Lakini kazi iliyonikaa moyoni ni mpira wa meza, na kila nikiikumbuka nafurahi kidogo na kusikitika sana. Ngoja niwaeleze kwa nini.

Nilipotoka chuo cha ualimu nilipangiwa shule moja karibu na Gare. Mimi ni mtu wa Vuga, Mlutheri wa kuzaliwa, na nilikuwa najiona mwanamichezo kwelikweli. Chuoni nilikuwa nawashinda wasichana wote mezani kwa sababu moja tu: nilikuwa na mkono wenye nguvu. Nikipiga, mpira unapotea.

Kwenye ukumbi wa misheni kulikuwa na meza iliyochongwa na fundi wa huko huko kwa mbao za mkulo, mti wa milima yetu wenye harufu kali. Ilikuwa nzito, watu sita hawakuweza kuisogeza bila kuhema, na siku za mvua ilinukia ukumbi mzima. Jioni moja nikaingia na kibao changu. Nikamkuta Sista mmoja mfupi, mnene kiasi, anapigapiga mpira ukutani. Jina lake Sista Benedikta. Alinisalimu, "Tumsifu Yesu Kristo." Mimi nikajibu, "Amina," kama tunavyojibu kwetu. Akacheka mpaka akashika meza. "Milele amina, mwanangu. Utazoea. Haya, simama huko."

Nilifikiri nitamwonea huruma. Wakati ule seti ilikuwa pointi ishirini na moja, si kumi na moja kama yenu, kwa hiyo aibu ilikuwa inachukua muda mrefu kuisha. Nilimpigia mipira ya kona, huku na huku, kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. Kila mpira nilioupeleka, nilimkuta yupo. Hakukimbia. Hakutoa jasho. Alikuwa tu yupo. Na kanzu yake ilifika chini kabisa, ikifagia sakafu, kwa hiyo sikuweza kuona anafanya nini na miguu. Nilishindwa vibaya. Nikamwambia, "Sista, nionyeshe unavyokwenda."

Akasema, "Siwezi kupandisha kanzu mbele ya watu, mwanangu. Funga macho usikilize."

Akamwita Sista mwenzake wacheze, mimi nikakaa pembeni nimefumba macho. Nikasikia, pa-pa, tok. Pa-pa, tok. Miguu kwanza, viatu vyepesi juu ya mbao, halafu kibao. Daima miguu kwanza. Kisha akaniambia nicheze mimi, naye akafumba macho. Alipofumbua akasema, "Umesikia vyako? Tok, halafu pu! Unapiga ndipo unafika. Mpira umeshaondoka, wewe ndiyo unaingia, kama mtu aliyekuja harusini kuosha vyombo."

Hilo ndilo somo lote la miguu, wanangu. Mengine ni mazoezi tu. Simama miguu imeachana kupita mabega kidogo, magoti yamelegea, uzito uko mbele ya nyayo kiasi kwamba karatasi inaweza kupita chini ya kisigino. Mpinzani anapogusa mpira, wewe uwe umeshajinyanyua kidogo kama mtu aliyeitwa jina. Usivuke mguu juu ya mguu kwa mpira wa karibu. Sogea ubavu, hatua fupifupi. Fika, tulia, ndipo upige. Na ukishapiga, rudi. Wengi wenu mnapiga halafu mnabaki kuushangaa mpira wenu ulivyo mzuri.

Kuhusu wakati wa kupiga, Sista alikuwa na maneno machache. Mpira ukidunda unapanda, unasimama kitambo kidogo hewani, unashuka. Upige pale unaposimama. Mimi nilikuwa nausubiri ushuke kwa sababu miguu yangu ilikuwa imechelewa, kisha naulaumu mkono. Nimefundisha watoto wengi sana tangu hapo, na karibu kila aliyelalamika kwamba mkono wake ni mbovu, ugonjwa ulikuwa miguuni.

Alinifanyisha zoezi la ndoo. Ndoo ya maji kichwani, nusu, bila kushika, halafu natembea ubavuubavu kando ya meza, kwenda na kurudi. Kichwa kikipanda na kushuka, maji yanamwagika. Nililowa kwa majuma. Wanafunzi walikuwa wanachungulia dirishani kumwona mwalimu wao mpya akioga na nguo. Lakini kichwa kilitulia, na kichwa kikitulia macho yanauona mpira. Jaribuni. Sakafu ya hapa ina saruji, hamtaharibu kitu.

Sista alihamishwa kwenda nyumba nyingine ya shirika lao, mbali, kabla sijamaliza kumuuliza. Alikuwa amenifundisha kucheza peke yangu. Kucheza wawili upande mmoja hakunifundisha, na hapo ndipo habari ya Zubeda inapoanzia.

Zubeda alikuja shuleni kwetu kufundisha hisabati. Alikuwa mtu wa Mlola, mrefu, mwembamba, anavaa mtandio wake vizuri na kuufunga nyuma ya shingo kwa pini mbili anapotaka kucheza. Alikuwa na mkono wa nyuma ambao sijauona tena kwa mtu yeyote. Alikuwa pia na mdomo. Siku ya kwanza alinitazama nikicheza, akasema, "Mwalimu Hilda, unapiga mpira kama unafukuza nyani shambani." Tukawa marafiki siku hiyo hiyo.

Mashindano ya walimu ya mkoa yalikuwa na kundi la wachezaji wawili wawili, wanawake. Mkuu wa shule akasema twende. Tukaenda kwa mwalimu mmoja mwanamume aliyejulikana kuwa mjuzi, atufundishe. Alikuwa mtu mwema, na alitufundisha kama alivyofundishwa yeye. Akachora mstari wa chaki nyuma ya meza, akasema, "Hilda, kushoto ni kwako. Zubeda, kulia ni kwako. Kila mtu alinde upande wake."

Nyinyi mnacheka kwa sababu mnajua. Kwenye wawili mnapiga kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, hata mpira ukienda wapi. Mpira wa zamu yangu ukija upande wa Zubeda, lazima niuendee, naye awe ameshaondoka. Ule mstari wa chaki ulitugeuza nguzo mbili. Tulikuwa tunagongana kama ng'ombe mlangoni.

Tulishuka Tanga kwa mashindano ya kwanza tukiwa na mstari ule vichwani. Joto lile, wanangu! Na kule chini hewa ni nzito. Mpira ambao huku unafika haraka, kule unajivuta. Sisi tulikuwa tunapunga vibao kabla haujafika. Jasho likaingia kwenye kibao, mpira ukawa unateleza. Halafu tunagongana. Katika mchezo ule Zubeda alinikanyaga, mimi nikampiga kiwiko, na pointi ya mwisho tuliikosa wote wawili kwa sababu kila mmoja alikuwa anamwachia mwenzake.

Kwenye basi la kurudi, tulipoanza kupanda milima kutoka Mombo, Zubeda aliniambia, "Hilda, wewe unanizibia njia."

"Wewe ndiye hutoki," nikamjibu.

"Nitoke niende wapi? Upande ni wangu."

Ubaridi ulipoanza kuingia dirishani alijifunika mtandio, akanipa nusu ya mahindi yake ya kuchoma, na tukaamua bila kusema kwamba sisi si watu wa kucheza pamoja. Hatukugombana. Tuliendelea kunywa chai pamoja, kusahihisha mitihani pamoja, kutembeleana sikukuu. Krismasi alikuja Vuga kwetu, Idi nilipanda kwao Mlola. Lakini mezani kila mtu alicheza peke yake, mwaka hata mwaka. Tulidhani ndivyo tulivyoumbwa.

Hicho ndicho kinachoniuma. Tulikuwa vijana. Magoti yalikuwa mazima, macho yalikuwa mazima, na tulikuwa chumba kimoja cha walimu kila siku ya Mungu. Hakuna aliyetukataza. Mstari wa chaki tu, uliochorwa na mtu mwema ambaye hakujua zaidi.

Tulikuja kujua ukubwani, mvi zimeanza. Wasichana wawili wa kidato cha tatu walikuwa wanacheza wawili dhidi ya wavulana. Hakuna aliyewafundisha; tulikuwa tumewaacha na meza tukaenda kwenye kikao. Tuliporudi tukawakuta wanazunguka. Mmoja anapiga, anatoka kwa nyuma, mwenzake anaingia, anapiga, anatoka. Kama watu wanaotwanga kinu kimoja kwa michi miwili. Hawagusani hata kidogo.

Zubeda alisimama mlangoni na madaftari mkononi. Akasema polepole, "Hilda, unaona?"

"Naona."

"Hakuna upande."

"Hakuna."

Akaweka madaftari sakafuni. "Yesu na Maria," akasema, yeye Mwislamu, maneno aliyoyaokota kwa masista wa Gare. Tukawatoa watoto mezani tukaingia sisi, na viatu vyetu vya kazini.

Mwaka ule tulijifunza upya kama watoto wa darasa la kwanza. Kanuni ni hii: ukishapiga, kazi yako ya kwanza si kurudi mahali pako, ni kumpisha mwenzako. Toka kwa nyuma, kidogo pembeni, zunguka, uingie tena. Na upige mpira ambao utampa mwenzako nafasi. Ukipiga kwa hasira mpira ukarudi kwa kasi, anayeumia ni yeye, si wewe. Ilinichukua muda kulielewa hilo, mimi wa mkono wenye nguvu. Zubeda alinisahihisha kwa maneno makali, nami nikayapokea. Jioni tulikuwa tunatoka ukumbini ukungu umeshuka, tunacheka njiani kama wasichana.

Ndipo nikaona kwamba anachelewa mipira ya kushoto kabisa. Si yote. Ile ya pembeni tu. Na mara mbili aliingia nikiwa bado sijatoka, akanigonga bega, akaomba radhi kwa namna ambayo haikuwa kawaida yake. Zubeda hakuwa mtu wa kuomba radhi.

Nikamuuliza waziwazi, tumekaa ngazini. "Zubeda, una nini?"

Alichezea mpira mkononi kabla ya kujibu. "Presha ya macho. Daktari ameniambia. Pembeni kunafungika, kama mtu anavuta pazia kutoka huku na huku. Mbele naona vizuri."

"Tangu lini?"

"Alipogundua ilikuwa imeshakula sana. Amenipa dawa ya matone. Inazuia tu, hairudishi." Akanigeukia. "Usianze kulia, Mlutheri wewe. Mashindano yako karibu. Unacheza au huchezi?"

"Nacheza."

"Basi niambie uko wapi. Sikuoni ukiwa pembeni. Gonga mguu."

Tukafanya hivyo. Kila nilipotoka kumpisha, niligonga mguu mmoja sakafuni, naye akajua njia iko wazi na mimi niko upande gani. Mipira ya kushoto kabisa tukaipunguza kwa kupeleka yetu mahali ambapo mpinzani hawezi kuirudisha huko kwa urahisi. Zubeda aliichora yote ubaoni, mistari na pembe, mwalimu wa hisabati huyo. Na jambo la ajabu ni kwamba alianza kufika mapema kuliko zamani. Kwa kuwa hakuweza kuutegemea ukingo wa jicho, alitazama kibao cha mpinzani tu, kinavyoelekea, akaanza kwenda kabla mpira haujavuka wavu.

Tulishuka Tanga. Safari hii tulifika siku moja kabla, tukacheza jioni kuzoea ile hewa nzito, tukafuta vibao kwa kitambaa kila tulipopewa nafasi. Mwamuzi wa fainali aliniita pembeni. "Mwalimu, mguu huo vipi? Unamtisha mpinzani?" Sikutaka kusema habari za macho ya Zubeda mbele ya watu. Nikamwambia, "Ni goti, mwanangu, linakufa ganzi." Akanihurumia, akaniacha. Mungu amenilipa, sasa goti ni bovu kweli.

Tulishinda. Siwezi kuwasimulia pointi zote, nyingi sizikumbuki. Nakumbuka moja, ndefu, katikati ya seti ya mwisho. Mpira ulikwenda ukarudi, ukaenda ukarudi, nasi tunazunguka, nagonga, anaingia, anatoka, naingia. Sikuwa nafikiri. Nilijua yuko wapi bila kumtazama. Ile pointi tuliipoteza, mpira ukagusa ukingo wa meza upande wetu ukaanguka. Zubeda akaniangalia huku anahema, akasema, "Ingeendelea kidogo." Ndilo neno ninalolisikia mpaka leo.

Mwaka uliofuata hakuweza. Pazia lilikuwa limefika karibu. Aliendelea kufundisha kidogo, wanafunzi wakimsomea maswali kwa sauti, yeye akikokotoa kichwani, kisha akastaafu mapema akarudi Mlola kwa kaka yake Rajabu. Nilikuwa nakwenda kila nilipopata nafasi, na nafasi hazikuwa nyingi. Mnajua kazi za shule.

Mara moja nilimkuta uani anachambua maharage kwa vidole, haoni kabisa. Alinitambua kabla sijabisha hodi. "Onga mshi, Hilda," akanisalimu kwa Kisambaa.

"Umejuaje?"

"Unatembea vizuri siku hizi. Zamani ulikuwa unasikika toka barabarani." Halafu akauliza, "Unacheza na nani sasa?"

"Peke yangu."

"Wawili, namaanisha."

"Sijapata mtu."

"Umemtafuta?"

Walikuwapo walimu vijana, wazuri, walioniomba. Niliwakatalia kwa upole. Niliona kama kusimama na mwingine upande ule ni kumwondoa Zubeda. Nikamweleza hivyo, nikidhani atafurahi.

Alikasirika. Aliacha maharage. "Tumepoteza miaka yote ile kwa ujinga, tukapata mmoja. Na huo mmoja unataka kuufungia kabatini? Hilda, tafuta mtu umfundishe kuzunguka. Si kumwambia, kucheza naye. Haya mambo hayaelezeki."

Nilimwahidi. Nilirudi Lushoto nikiwa na nia kabisa. Kisha yakaja mashindano ya netiboli, mitihani, goti likaanza kuvimba. Nikasema muhula ujao. Muhula ujao ulipokuja, daktari akanikataza kuruka.

Zubeda alifariki wakati wa masika. Rajabu alinipigia simu asubuhi. Nikatoka hapo hapo, lakini barabara ya Mlola ilikuwa imeporomoka, gari likakwama, tukageuzwa. Nilifika kesho yake kwa bodaboda, nimelowa tope mpaka kiunoni. Walikuwa wameshamzika, kama dini yao inavyotaka. Rajabu alinipokea mlangoni. "Tulikungoja mpaka alasiri, mwalimu," alisema kwa upole. "Mvua ikaanza tena."

Nikamwambia wamefanya vizuri. Nikakaa na akina mama, nikala walichonipa. Hapakuwa na mtu nyumbani mle aliyewahi kutuona tukicheza. Walimjua dada yao, shangazi yao, mwalimu wa hisabati. Nilijaribu kuwaeleza ile pointi ndefu, nikainuka hata, nikaanza kuonyesha kwa miguu pale katikati ya mikeka, huku nimeshika goti. Walinitazama kwa heshima. Halafu nikakaa, kwa sababu mtu mmoja hawezi kuionyesha.